Kairo au Istanbul? Kwa mwenye wiki moja ya likizo na akiba ya kuhesabu

Binti wa kaka yangu ameolewa mwaka huu, na yeye na mumewe wamepata likizo ya siku tisa mwezi wa Novemba. Akiba wameiweka kwa miaka miwili. Wamechuja miji hadi ikabaki miwili, na usiku mmoja akanipigia: "Shangazi, shikamoo. Wewe kote umefika. Twende Kairo au Istanbul?" Nilimjibu kwa neno moja, simu ikakatika, nikabaki nimekaa kitandani nikijua kwamba neno moja halikumtosha. Kairo nimekwenda mara mbili, Istanbul mara tatu, na katika kila mji safari moja nilikuwa na mama yangu, mwenye miaka 68 na goti linalomsumbua. Haya ndiyo niliyotaka kumweleza.

Msimamo wangu nauweka mbele ili usihangaike kuutafuta. Kwa macho, Kairo inashinda. Kwa kinywa, Istanbul inashinda, ingawa mtu aliyelelewa kwa vyakula vya kwetu atakula Kairo kwa raha ambayo Istanbul haiwezi kumpa. Halafu kuna fedha, miguu, hali ya hewa na usumbufu wa wauzaji, na mara nyingi hayo ndiyo humwamulia mtu.

Macho yataona nini

Picha zimetudanganya kuhusu piramidi. Tunaonyeshwa jangwa tupu na ngamia mmoja, kumbe mji wa Giza umejengwa mpaka mlangoni. Unaziona kwanza kupitia dirisha la teksi, nyuma ya nguo zilizoanikwa kwenye roshani za maghorofa. Kisha unaingia, unasogea, na maghorofa unayasahau. Piramidi ya Khufu ilikuwa na kimo cha mita 146 ilipomalizika, yapata miaka 4,500 iliyopita, na leo imebaki na mita 138 hivi. Mawe yake yanakadiriwa kufika milioni 2.3. Kwa zaidi ya miaka 3,800 hakuna binadamu aliyejenga kitu kirefu kuliko hicho. Tarakimu hizi nilizisoma shuleni zikapita. Nilizielewa siku niliposimama chini nikaona jiwe la safu ya kwanza linanifika kifuani. Mama aliweka kiganja juu ya jiwe, akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Nabii Musa alizikuta hizi zimeshasimama." Sikuwa na la kuongeza.

Fika Giza asubuhi geti linapofunguliwa. Siku hizi ndani ya eneo kuna mabasi ya umeme yanayozungusha wageni, kwa hiyo mwenye goti kama la mama halazimiki kupanda ngamia wala farasi. Kuingia ndani ya piramidi kubwa kuna tiketi yake peke yake, na ni kupanda njia nyembamba umeinama, joto limekubana, watu mbele na nyuma. Nguvu hizo mimi ningeziweka kwa Dahshur, kusini zaidi, ambako Piramidi Nyekundu ya Sneferu, baba yake Khufu, unaweza kuingia ukiwa karibu peke yako. Njiani unapita Saqqara kwenye piramidi ya ngazi ya Djoser, iliyozitangulia zile za Giza kwa karibu karne moja. Saqqara na Dahshur ni siku moja kwa gari la kukodi, na dereva anakusubiri.

Na sasa Kairo imepata jambo jingine la kukuvuta. Tarehe 1 Novemba 2025 Misri ilizindua rasmi makumbusho yake makuu mapya, jirani kabisa na piramidi. Ukiingia ukumbini unapokewa na sanamu ya Ramses wa Pili, mita 11 na tani 83. Lakini watu wanamfuata mfalme Tutankhamun. Vitu vyake zaidi ya 5,000 vimekusanywa mahali pamoja kwa mara ya kwanza tangu Howard Carter alipolipata kaburi lake mwezi Novemba 1922. Kinyago cha dhahabu ni kizuri kama wasemavyo, kilo 10 na zaidi za dhahabu. Kilichonishika mimi ni vile vitu vidogo: ndala zake, fimbo zake za kutembelea, kiti chake cha utotoni. Alikuwa kijana tu, kama umri wa wanangu. Tenga siku nzima na ununue tiketi mtandaoni mapema. Ukitaka kuona maiti za wafalme zilizohifadhiwa, haziko hapo. Tangu Aprili 2021, wafalme 18 na malkia 4 wanalala katika makumbusho ya ustaarabu wa Misri huko Fustat, upande mwingine wa mji.

Halafu Kairo ya zamani. Msikiti wa Al-Azhar ulijengwa kati ya 970 na 972, na vijana wetu kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Comoro wamekuwa wakisoma hapo vizazi na vizazi, kwa hiyo usishtuke ukisikia "mambo vipi" nyuma yako uani. Kutoka hapo unaingia Khan el-Khalili na mtaa wa al-Muizz, msikiti baada ya msikiti, taa za shaba, manukato, mikokoteni ya mikate. Lakini mahali ninapopapenda mimi ni msikiti wa Ibn Tulun, uliomalizika mwaka 879: uwanja mpana, matao yasiyo na pambo kubwa, na mnara ambao ngazi zake zinazunguka kwa nje. Kelele zote za mji zinabaki nyuma ya ukuta. Msafiri Mkristo asikose kitongoji cha Wakopti, ambako chini ya kanisa la Abu Serga kuna pango ambalo kwa mapokeo Familia Takatifu ilipumzika ilipokimbilia Misri. Hatua chache kutoka hapo ni msikiti wa Amr ibn al-As, wa kwanza kujengwa barani Afrika.

Istanbul, nasema kwa moyo mweupe, haina kitu kimoja cha kushindana na Giza. Hagia Sophia unakaribia. Ulijengwa kwa miaka mitano tu, 532 hadi 537, kwa amri ya Kaisari Justinian. Ulikuwa kanisa kwa zaidi ya miaka 900, msikiti tangu 1453, makumbusho kuanzia 1935, na msikiti tena tangu Julai 2020. Anayekwenda kusali huingia sakafu ya chini bila malipo. Mtalii huingia mlango mwingine, hulipa euro 25 na kutazama akiwa roshani ya juu, ambako ndiko michoro ya kale ya vijiwe vya rangi ilipo. Ukarabati wa kuba ulianza mwaka 2025, basi tarajia kukuta majukwaa ya mafundi. Ng'ambo ya bustani kuna msikiti wa Sultan Ahmed wenye minara sita na vigae vya buluu vya Iznik zaidi ya 20,000, na karibu nao lile hodhi la maji la chini ya ardhi lenye nguzo 336, baridi na giza la kupendeza. Kasri la Topkapı hufungwa Jumanne. Soko Kuu lenye paa hufungwa Jumapili. Andika hayo mawili, maana yamewaharibia watu siku.

Ila nguvu ya Istanbul ni maji. Bahari inapita katikati ya mji kama mto, na ukitaka kuvuka kutoka Ulaya kwenda Asia unapanda chombo wanachokiita vapur, kwa kadi ileile ya basi. Kutoka Eminönü hadi Kadıköy ni kama dakika 20 hivi. Unakaa benchi la nje, unaletewa chai kwenye bilauri iliyobanwa kiunoni, shakwe wanafuata nyuma wakirushiwa vipande vya mkate, na minara ya misikiti inasogea taratibu kama vile yenyewe ndiyo inayosafiri. Sisi tuliozoea kusongamana kwenye pantoni la Kigamboni au Likoni tunajua kuvuka maji ni kazi. Pale ni starehe, na ni ya wenyeji kwanza. Mama, ambaye hakutaka kupanda kilima hata kimoja, alivuka mara nne kwa siku moja.

Kuna mahali miji hii miwili inatazamana. Juu ya ngome ya Kairo, aliyoianza Salahuddin mwaka 1176, kuna msikiti wa Muhammad Ali wa karne ya 19, wenye kuba kubwa na minara myembamba kama penseli. Ukishaona msikiti wa Süleymaniye, kazi ya msanifu Sinan iliyomalizika mwaka 1557, utatambua mara moja mtindo ule wa Kairo ulitoka wapi. Kwangu Süleymaniye ndio mzuri kuliko wote wa Istanbul, na hauna kiingilio. Nenda kabla ya magharibi, kaa kwenye ukuta wa bustani ya nyuma, tazama mlango wa bahari.

Sahani ya Kairo

Jioni yetu ya kwanza Kairo tuliletewa bakuli la mulukhiya. Majani yamekatwakatwa laini kabisa, yamepikwa kwa supu ya kuku, na mwishoni yamemiminiwa kitunguu saumu na giligilani vilivyokaangwa kwa samli. Mama alichovya mkate, akavuta, ule uzi ukafuata. Akanitazama. "Tumepanda ndege kuja kula mlenda!" Ndivyo, ni mmea uleule, mlenda wa kwetu, mrenda wa magharibi mwa Kenya. Akamaliza bakuli lake na nusu ya langu.

Hiyo ndiyo siri ya chakula cha Kairo kwa mtu wa kwetu: unakutana na ndugu waliovaa nguo nyingine. Karkade wanayokupa ya moto au ya baridi ni choya. Juisi ya miwa inakamuliwa mbele yako kama Forodhani, ila bilauri ni kubwa na bei ni ndogo. Mkate wao wa kila siku wanauita aish, neno la Kiarabu lenye maana ya uhai, mzizi uleule wa kuishi kwetu, na ukiutoa tanurini umevimba kama mpira unaona kwa nini. Asubuhi unakula mkate huo na ful, maharage makubwa yaliyopikwa usiku kucha kwa moto mdogo, yakapondwa na ndimu, bizari nyembamba na mafuta. Pembeni kuna ta'amiya, ambayo ni badia yao. Kwingine Uarabuni huitengeneza kwa dengu, Misri huitengeneza kwa maharage hayohayo makubwa, na majani ya kijani huifanya iwe laini na ya kijani ndani. Nimekula zote mbili na ya Misri naipa ushindi bila kusita.

Koshari ni lazima. Wali, adesi, makaroni, tambi, dengu, mchuzi wa nyanya na vitunguu vilivyokaangwa hadi kukauka, vyote bakuli moja. Ukisikia maelezo unaona ni fujo. Miminia ile siki yenye kitunguu saumu, ongeza pilipili kidogo, changanya mpaka chini, utaelewa. Haina nyama na hutaitafuta. Bakuli halifiki dola 2, na linashibisha mpaka usiku.

Wanandoa wakitaka chakula cha heshima waagize njiwa aliyejazwa mchele au ngano changa. Ni mdogo na ana mifupa mingi, analiwa kwa mikono, na ni chakula cha kukaa na kuzungumza. Cha barabarani kizuri ni hawawshi, nyama ya kusaga yenye vitunguu na pilipili iliyookwa ndani ya mkate. Kitamu cha baada ya mlo ni Umm Ali: vipande vya mkate wa tabaka, maziwa ya moto, zabibu, lozi, vikaokwa hadi juu pageuke rangi ya dhahabu.

Kasoro zake nazitaja. Menyu za Kairo hurudiarudia, na siku ya tano nilianza kutamani kitu kingine. Saladi mbichi na maji ya bomba niliviogopa na nakushauri uviogope. Kula palipojaa wenyeji, sufuria inapoisha haraka.

Sahani ya Istanbul

Istanbul hutasema menyu inarudiarudia, maana nchi nzima imehamia pale na vyungu vyake. Watu wa Gaziantep wamekuja na baklava na nyama, wa Van na kifungua kinywa, wa Bahari Nyeusi na dagaa wao, wa Adana na mishikaki ya pilipili. Ndiyo sababu kwa kinywa naipa ushindi.

Kifungua kinywa peke yake kinastahili asubuhi nzima. Meza inajazwa visahani: jibini za aina tatu nne, zaituni nyeusi na za kijani, matango, nyanya, jemu za cheri na za tini, mayai yaliyopikwa na nyanya na pilipili hoho kwenye kikaango kidogo, mkate wa moto usioisha. Na malai na asali. Malai ile ni nzito unaikata kwa kisu, unaiweka juu ya mkate, unamwagia asali. Nimekula vitamu vingi maishani, sijakutana na asubuhi iliyozidi hiyo. Chai inaongezwa bila wewe kuomba.

Mchana usikae kwenye migahawa ya Sultanahmet, mtaa wa msikiti ule wa Sultan Ahmed, ambako kijana anakuvuta mkono mlangoni. Tafuta esnaf lokantası, mikahawa ya mafundi na wenye maduka. Vyungu vimepangwa mbele, unanyoosha kidole, unapakuliwa. Hapo nilianza na supu ya adesi yenye ndimu, na hapo nikakutana na biringani lililojazwa vitunguu na nyanya na kupikwa kwa mafuta ya zaituni, jina lake imam bayıldı, maana yake "imamu alizimia". Ukimaliza sema "hesap", nao watakuletea hesabu. Dakika ni dakika, saa ni saat, askari ni asker. Mama alifurahia hayo kuliko makumbusho.

Kandokando ya maji Eminönü wanauza samaki wa kuchoma ndani ya mkate, na vitunguu na ndimu, huku juu ya daraja la Galata wavuvi wamepanga mishipi kama uzio. Jioni mitaani utaona muuzaji na sinia la kome waliojazwa wali wa viungo. Anafungua mmoja, anakamulia ndimu, unakula, anafungua mwingine, na anaendelea hivyo mpaka wewe mwenyewe useme basi. Mwenye tumbo jepesi ale kwa muuzaji mwenye foleni. Mwenye safari moja tu ya kwenda upande wa Asia aende soko la Kadıköy na njaa.

Baklava ya pistachio ya Antep, yaani Gaziantep, imelindwa jina na Umoja wa Ulaya tangu 2013. Nzuri ukiikata kwa uma inalia kama jani kavu, na haikuachii sukari ya kunata kinywani. Baada ya kuila, zile za madukani kwetu zenye karanga utazikumbuka kwa upole lakini hutazisifia tena.

Kasoro: mpenda wali na mchuzi atakaa na hamu yake. Wali upo, ila ni msindikizaji. Mboga za majani za kupikwa kama tunavyozijua ni chache. Kuhusu halali, miji yote miwili haina shida kwa nyama. Pombe huonekana wazi zaidi katika migahawa ya Istanbul, na asiyetaka kukaa karibu nayo atapata lokanta nyingi zisizoiuza.

Fedha

Hapa pana tofauti kubwa. Machi 2024 Misri iliiachia pauni yake, ikatoka kama 31 kwa dola hadi karibu 50, kwa hiyo anayekuja na dola anakula, analala na kusafiri kwa nafuu kubwa. Uturuki mambo yalikwenda kinyume: mfumuko wa bei ulivuka asilimia 75 kwa mwaka mwezi Mei 2024, na bei za Istanbul zilipanda kuliko lira ilivyoshuka. Ukitazama video za miaka sita iliyopita zikikwambia Istanbul ni rahisi, zifunge. Chai na kipande cha keki katika mkahawa wa kawaida wa watalii ni bei ya koshari tatu za Kairo, na viingilio vya majumba vinauma.

Angani, kutoka Nairobi hadi Kairo ni kama saa tano, na Istanbul inakaribia saba. Masharti ya viza hutofautiana kwa kila pasi, ya Tanzania, ya Kenya, ya Uganda, na hubadilika. Uliza ubalozi kwanza, tiketi baadaye.

Usumbufu na miguu

Kairo itakuchosha roho. Bakshishi ni neno letu pia, lakini pale linaishi kila mlango: anayekushikia viatu msikitini, anayekuonyesha choo, anayekuelekeza njia ambayo hukuuliza. Giza mtu mmoja alitupandisha ngamia kwa bei tuliyokubaliana, kisha akadai bei nyingine ya kumfanya ngamia apige magoti tushuke. Tulilipa. Beba noti ndogondogo, sema "la, shukran" bila kusimama, na teksi zako ziite kwa simu ambako bei inaonekana kabla hujapanda. Kuvuka barabara ni elimu: mfuate mama wa Kimisri mwenye mfuko wa sokoni, vuka anapovuka. Treni ya chini ya ardhi, iliyoanza 1987, ni rahisi na safi kiasi, na ina mabehewa ya wanawake katikati, jambo lililotupa raha mimi na mama.

Istanbul wanakuibia kwa tabasamu. Mng'arisha viatu alipita mbele yangu, brashi ikaanguka, nikaiokota nikamkimbilia. Kwa "shukrani" akaanza kuning'arishia viatu, kisha akataja bei ya viatu vipya. Brashi ikianguka, iache. Teksi moja ilituzungusha mji mzima kwa safari ya dakika kumi. Baada ya hapo tulitumia tramu ya T1, inayopita Sultanahmet, Soko Kuu na Eminönü, na hatukuhitaji teksi tena.

Lakini miguu! Istanbul ni vilima na mawe ya barabarani, na yakilowa yanateleza. Mwenye goti au ujauzito afikirie mara mbili, au akae hoteli iliyo karibu na tramu na amalize siku zake majini. Kairo ni tambarare, na gari la kutwa nzima ni la bei ambayo watu wawili wanaimudu. Mama alirudi Kairo amechoka masikio. Istanbul alirudi amechoka goti.

Kuhusu majira, Kairo ni Oktoba hadi Aprili. Julai na Agosti joto hupita nyuzi 35 na jiwe la Giza linarudisha joto usoni. Istanbul ni Aprili na Mei, tulipu zimejaa bustani ya Emirgan, au Septemba. Novemba Istanbul ni mvua na baridi ya koti zito, na Januari huweza kudondoka theluji.

Nilichomwambia binti wa kaka yangu

Neno langu moja lilikuwa Kairo, na bado ni Kairo. Ni Novemba, akiba ni ya kuhesabu, na hawajawahi kusafiri nje pamoja. Siku nne Kairo, kisha treni kwenda Luxor kwa siku tatu, kwa sababu kwa fedha ambazo Istanbul zingeishia hotelini, Misri zinawafikisha kwenye makaburi ya wafalme. Angekuwa amenipigia kwa safari ya Mei, au angekuwa mtu ambaye kwake likizo ni kula polepole na kutazama maji, ningemwambia Istanbul bila kumsikiliza mumewe.

Wamepata tiketi ya kupitia Istanbul wakati wa kurudi, saa kumi na moja za kusubiri. Nimewaambia wasikae uwanjani. Shirika la ndege la Uturuki huwatembeza mji bure abiria wake wa kimataifa wanaosubiri kati ya saa 6 na 24, maadamu wana ruhusa ya kuingia nchini. Wakipewa nafasi, waende soko la viungo la Eminönü. Waturuki wanaliita Mısır Çarşısı, Soko la Misri, kwa kuwa lilijengwa karne ya 17 kwa mapato yaliyotoka Misri. Watanunua pistachio hapo. Mimi nimeagiza dukka ya Kairo, ule mchanganyiko wa ufuta, karanga na bizari wa kuchovya mkate. Mama ameagiza mkate wenyewe, aish. Nimemwambia utafika umekauka. Amesema mlenda atauweka tayari.